Askofu Mackenzie: Njia ya Durban hadi Mto Shire

Kila anayeingia Kanisa Kuu la Mkunazini, mjini Zanzibar, husimuliwa habari za Edward Steere, askofu aliyelijenga pale palipokuwa soko la watumwa na akazikwa nyuma ya altare yake. Wengine hutajiwa pia William Tozer, aliyeihamishia misheni Unguja mwaka 1864. Lakini Tozer alikuwa askofu wa pili. Wa kwanza aliitwa Charles Frederick Mackenzie. Hakuwahi kufanya kazi Unguja hata siku moja, na uaskofu wake ulidumu miezi 13 tu kabla homa haijamuua kando ya Mto Shire, katika nchi iitwayo leo Malawi.

Waliomwandika hupenda kukimbilia kifo hicho. Wako wanaomwita shahidi, na wako wanaomwona kuwa mtu mwema aliyeharibu kazi kwa bunduki. Mimi naona kwamba jambo kubwa la maisha yake lilitokea kabla hajawa askofu, katika miaka minne aliyoishi Durban na mashamba ya kaskazini yake. Huko ndiko alikoliuliza kanisa lake swali ambalo kanisa lilichukua zaidi ya miaka mia kulijibu: Mwafrika aliyebatizwa ana sauti sawa na Mzungu aliyebatizwa, au hana?

1825–1855: Mwanahisabati

Mackenzie alizaliwa Scotland, Aprili 1825, kitindamimba katika nyumba ya watoto 12 ya Colin Mackenzie wa Portmore. Baba alifariki kijana angali mdogo, na dada zake wakubwa wakashika malezi. Dada hao watarudi tena na tena katika habari hii, hasa Anne.

Akili yake ilikuwa ya namba. Mwaka 1848, katika mtihani wa hisabati wa Cambridge uliokuwa ukiogopwa Uingereza nzima, alitoka wa pili kati ya wote. Chuo cha Caius kikamfanya mwalimu wake, naye akapata cheo cha kasisi mwaka 1852 na kuhudumu kijijini Haslingfield, karibu na chuo. Kwa kijana wa wakati ule, hayo yalikuwa maisha yaliyokwisha kunyooka: mshahara, heshima, vitabu, na mashua ya kupiga makasia jioni.

Hakutulia. Mwaka 1853 aliombwa aende misheni ya Delhi, India, naye akataka kwenda. Marafiki wakamzuia kwa hoja kwamba hisabati ya Cambridge ilimhitaji zaidi. Mwaka uliofuata akatokea John William Colenso, naye mwanahisabati wa Cambridge, ambaye vitabu vyake vya hesabu vilitumika katika shule nyingi za Uingereza. Colenso alikuwa ameteuliwa kuwa askofu wa kwanza wa Natal, kusini mwa Afrika, alikuwa ametoka kuizungukia dayosisi yake mpya kwa wiki 10, na sasa alitafuta watu. Akamtaka Mackenzie awe arkidikoni, yaani msaidizi wake mkuu. Safari hii marafiki hawakufaulu kumzuia.

1855–1857: Durban na ugomvi wa kanzu

Walifika Durban Mei 1855. Bandari ile ilikuwa na fungu la mchanga mdomoni, na meli kubwa hazikuthubutu kuingia. Zilitia nanga nje kwenye mawimbi, abiria wakashushwa katika mashua na kuvushwa huku wamelowa chapachapa. Anne alikuwamo katika msafara huo. Alimfuata kaka yake ingawa afya yake ilikuwa dhaifu siku zote. Baadaye dada mwingine, Alice, naye akaja.

Mji wenyewe ulikuwa wa juzi tu. Njia zake zilikuwa mchanga mtupu, nyumba zake za mbao na udongo. Waingereza walikuwa wameitwaa Natal katika miaka ya 1840, na kati ya 1849 na 1851 watu wapatao 5,000 waliletwa kutoka Uingereza kwa mpango wa mfanyabiashara Joseph Byrne. Walikuwa mafundi, wenye maduka madogo, wakulima waliokata tamaa kwao. Waafrika katika koloni hilo walizidi laki moja, wengi wao wakiwekwa chini ya utawala wa Theophilus Shepstone, na kaskazini ya Mto Tugela ulikuwapo ufalme wa Wazulu chini ya Mfalme Mpande.

Mackenzie alitarajia kwenda kwa Waafrika. Colenso alimweka kwanza kuwa kasisi wa Wazungu wa Durban, na humo ndimo alimopata kipigo cha kwanza maishani mwake.

Ugomvi ulikuwa wa nguo. Colenso aliagiza makasisi wahubiri wakiwa wamevaa kanzu nyeupe ya ibada, si joho jeusi la kitaaluma kama ilivyozoeleka, na sadaka ikusanywe ndani ya ibada. Mtu wa leo anaweza kuyaona hayo madogo. Hayakuwa madogo. Miaka 10 tu nyuma, katika mji wa Exeter, makasisi waliovaa kanzu hiyo mimbarani walizomewa barabarani, kwa sababu watu waliiona kuwa mlango wa kuingizia Ukatoliki katika Kanisa la Uingereza. Walowezi walikuja na hofu hiyo kifuani. Juu ya hofu hiyo kulikuwa na jambo jingine: walikuwa watu waliovuka bahari ili wasiamriwe tena na wakubwa, na hapa anatokea askofu kutoka Cambridge anawapangia namna ya kusali.

Mackenzie hakuwa na ubishi kuhusu kanzu. Kwake ilikuwa amri ya askofu wake, basi aliitii, akipanda mimbarani nayo huku akijua watu watatoka. Walitoka. Wengine wakajitenga kabisa na kufanya ibada zao peke yao. Yeye aliendelea kuwatembelea majumbani wagonjwa wao, hata wa nyumba zilizomsusia, na wengi waliomkataa kanisani hawakuweza kumchukia. Lakini parokia haikupona, na Colenso alilazimika kutafuta njia ya kumtoa.

Naona funzo alilolipata Durban halikuwa la nguo. Alijifunza kwamba walei wakishapewa sauti ndani ya kanisa, wataitumia. Akaanza kujiuliza ni walei gani waliopewa sauti hiyo, na ni wapi walioachwa nje.

1857–1859: Umhlali na kura ya Pietermaritzburg

Mwaka 1857 alihamia Umhlali, kilomita 50 hivi kaskazini ya Durban, kwenye vilima vya pwani ambako walowezi walikuwa wanaanza kupanda miwa. Nchi ilikuwa bado na jeraha bichi. Desemba 1856 wana wawili wa Mpande, Cetshwayo na Mbuyazi, walipigana huko Ndondakusuka, karibu na Tugela, na Cetshwayo akashinda. Maelfu walikufa, walionusurika walivuka mto na kuingia Natal, wakatafuta mahali pa kulima na watu wa kuwahifadhi.

Huko Mackenzie alipata alichokitafuta. Jumapili zake zilikuwa za kupanda farasi tangu alfajiri: ibada ya Wazungu hapa, ya Wazungu kule, ya Waafrika nyumbani kwake, na kambi ya askari ikiwa karibu. Watoto wa Kiafrika walikaa katika nyumba yake na kufundishwa kusoma na akina Anne na Alice. Watu walizoea kusema kwamba Anne ni dada wa Wazungu na Alice ni dada wa Waafrika, maana Alice alijifunza Kizulu haraka na alikuwa hatoki kwao. Kaka yao alijikokota zaidi katika lugha hiyo, kwa bidii ya mtu aliyezoea mambo yenye kanuni.

Mwaka 1858 Colenso aliitisha mkutano wa makasisi na walei Pietermaritzburg ili kulitungia kanisa la Natal katiba. Parokia zilipeleka wajumbe. Mackenzie alisimama na kutaka makundi ya Wakristo Waafrika yahesabiwe sawa na parokia za Wazungu, nayo yawe na wajumbe na kura zao. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: ubatizo ni mmoja, basi kanisa haliwezi kuwa na ngazi mbili za waumini.

Kura ikapigwa, akashindwa. Yeye na wachache waliokuwa upande wake wakajitoa katika mkutano.

Tuipime hatua hiyo kwa uzito wake. Wakristo Waafrika wa Natal wakati ule walikuwa wachache sana. Kura zao zisingebadili lolote katika hesabu. Walowezi waliikataa hoja kwa kuwa walitazama mbele: leo ni wachache, kesho watakuwa wengi, na kanisa lililowakubali leo haliwezi kuwakataa kesho. Mackenzie naye alitazama huko huko mbele, na kwa sababu hiyo hiyo akaitaka. Hakuwa mtu aliyejitoa kabisa katika mawazo ya zama zake. Aliamini kama wenzake wote kwamba Mzungu ndiye mwalimu. Ila mwalimu huyu alikubali mwanafunzi wake ampigie kura, na hilo katika Natal ya 1858 lilikuwa jambo geni.

Katikati ya 1859, afya ikiwa imetetereka, alirudi Uingereza.

1859–1861: Livingstone aliita, Cape Town ikamweka wakfu

Alikuta Uingereza imewaka. Tarehe 4 Desemba 1857 David Livingstone alikuwa amewahutubia wanachuo wa Cambridge na kuwaomba waje Afrika kuendeleza njia aliyoifungua ya biashara na Ukristo. Vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, na baadaye Durham na Dublin, vikaungana kuanzisha misheni ambayo Waswahili waliijua kwa ufupisho wa UMCA. Tarehe 1 Novemba 1859 ulifanyika mkutano mkubwa Cambridge, Askofu Samuel Wilberforce na mwanasiasa William Gladstone wakiwa miongoni mwa wasemaji. Mackenzie alikuwapo ukumbini. Alimwambia rafiki kwamba shangwe ile inamtia hofu, kwa sababu kazi nyingi kubwa za namna hiyo zilianza na mtu mmoja au wawili, kimyakimya. Kabla ya siku kupita sana aliombwa aiongoze yeye.

Kulikuwa na tatizo la kisheria. Kumweka wakfu askofu ndani ya Uingereza kulihitaji idhini ya Malkia, na nchi aliyokuwa akienda haikuwa ya Malkia. Ufumbuzi ulikuwa kumweka wakfu Cape Town, kwa mikono ya Askofu Robert Gray. Ilifanyika tarehe 1 Januari 1861, katika Kanisa la Mtakatifu George, na hivyo Kanisa la Uingereza likapata askofu wake wa kwanza wa kimisionari kwa nchi zilizo nje ya himaya. Alikuwa na umri wa miaka 35.

Msafara wa askofu ulikuwa na makasisi Henry Rowley, Lovell Procter na Henry Scudamore, pamoja na Horace Waller aliyesimamia kazi za mikono. Walichukua pia Waafrika kadhaa kutoka Cape Town. Daktari John Dickinson na kasisi Henry Burrup walifuata baadaye. Anne aliachwa Cape Town asubiri hadi pawepo nyumba ya kukaa.

Livingstone alitaka kwanza kupima kama Mto Ruvuma ungefaa kuwa njia ya kuingia bara. Maji yakapungua, meli yake Pioneer ikanusurika kukwama, wakarudi hadi Komoro na kutoka huko tena kwenye Zambezi. Miezi ya kiangazi, iliyokuwa ya afya zaidi, ikapotea hivyo. Walifika Shire ya juu Julai 1861.

1861: Makongwa na bunduki Magomero

Tarehe 16 Julai, wakiwa katika kijiji cha Mbame, ulitokea msafara wa watumwa. Watu walikuwa wamefungwa makongwa shingoni, wengi wao wanawake na watoto. Walinzi walipowaona Wazungu walitimua mbio. Askofu hakuwapo wakati huo, alikuwa ameteremka mtoni kuoga. Aliporudi alikuta visu vinakata kamba na misumeno inapasua makongwa. Waliofunguliwa walikuwa 84, na makongwa yao yaligeuzwa kuni za kupikia uji wao. Mtoto mmoja aliwauliza wao ni watu wa namna gani, maana wale wa mwanzo waliwafunga na kuwanyima chakula, na hawa wanawafungua na kuwaambia wale.

Mackenzie aliwapokea wote. Kwa hesabu ya kawaida ilikuwa wazimu: misheni iliyokuja na watu wachache na akiba ndogo ilijikuta ina midomo zaidi ya mia ya kulisha katika muda wa wiki chache. Lakini mtu aliyetoka katika mkutano wa Pietermaritzburg kwa ajili ya watu wachache aliowahesabu kuwa ndugu angewafanyaje hawa? Angewarudisha kwa nani?

Kijiji kilijengwa Magomero, kwa ruhusa ya chifu wa Wamang'anja aitwaye Chigunda. Miongoni mwa walioishi humo alikuwa mvulana wa Kiyao, Chuma, ambaye tutamkuta tena.

Kosa lilianzia hapa. Wayao walikuwa wakiingia katika nchi ya Wamang'anja, wakichoma vijiji na kuuza mateka. Livingstone mwenyewe alikuwa amekwisha kufyatuliana nao risasi siku chache baada ya Mbame, askofu akiwa pamoja naye. Alipoondoka alimshauri Mackenzie asijiingize zaidi. Machifu wa Wamang'anja walikuja kumsihi awasaidie. Akawawekea masharti: waape kwamba hawatanunua wala kuuza mtu tena, na kwamba mateka watakaopatikana watakuwa huru. Wakaapa. Agosti aliongoza shambulio juu ya Wayao, fimbo ya kiaskofu mkono mmoja na bunduki mkono mwingine. Oktoba akaongoza jingine.

Alichokuwa hakijui ni kwamba Wayao nao walikuwa wakikimbia. Njaa na vita viliwasukuma kutoka kwao kaskazini mashariki, na biashara ya Kilwa kwa upande mmoja na ya Wareno wa Tete kwa upande mwingine iliwafundisha kwamba mtu ndiye bidhaa inayonunulika haraka. Wamang'anja nao walikuwa wakiuzana. Aligawa watu katika wenye haki na wasio na haki pale ambapo mgawanyo wenyewe haukuwapo. Nia yake ilikuwa safi, na hiyo haiondoi ukweli kwamba nyumba za watu zilichomwa chini ya uongozi wa askofu. Habari zilipofika Uingereza mwaka 1862, Edward Pusey wa Oxford, mmoja wa wanatheolojia wakubwa wa kanisa lake, alimlaumu hadharani. Mlaumiwa alikuwa amekwisha kufa.

Januari 1862: Malo

Ilikuwa imepangwa akutane na Livingstone mwanzoni mwa Januari pale Mto Ruo unapoingia Shire, apokee vyakula, na pengine ampokee Anne na mke wa Burrup. Alichelewa. Watu wake walikuwa wametekwa na mizigo yao katika kijiji kimoja njiani, akaenda kuwakomboa kwa silaha, na siku zikapita. Mvua zilikuwa zimefunguka.

Yeye na Burrup waliteremka mto kwa mtumbwi, pamoja na Wamakololo waliokuwa watu wa Livingstone. Usiku mmoja mbu waliwasumbua hata wakaona heri kusafiri kuliko kulala. Kwenye kona ya mto mtumbwi ukapinduka. Maji hayakuwa ya kina, hakuna aliyezama, ila sanduku la dawa lilikwenda na maji, na kwinini yote ilikuwamo humo. Walipofika kisiwa cha Malo waliambiwa kwamba Pioneer imepita siku chache tu zilizotangulia, ikiteremka kuelekea baharini. Mackenzie akaamua kungoja.

Walingoja katika kibanda, bila dawa, katika msimu mbaya kuliko yote. Homa ikawashika wote wawili. Askofu akazidiwa hadi akawa hajitambui. Mwenye kibanda, kwa kuhofia kwamba mtu akifia humo hakitakalika tena, aliomba mgonjwa ahamishwe, naye akahamishiwa kibanda kingine. Alikufa jioni ya tarehe 31 Januari 1862. Maiti haikuruhusiwa kukaa kisiwani. Burrup, ambaye mwenyewe alikuwa akisimama kwa shida, aliivusha na Wamakololo usiku ule hadi ng'ambo, wakachimba kaburi kati ya matete chini ya mti wa miiba. Giza lilikuwa limeingia asiweze kusoma kitabu, hivyo sala za maziko alizisema alivyozikumbuka. Kisha akarudi Magomero, sehemu ya njia akibebwa, akafa tarehe 22 Februari.

Siku zile zile meli Gorgon ilikuwa ikifika mdomo wa Zambezi. Ndani yake walikuwamo Anne Mackenzie, mke mchanga wa Burrup, na Mary Livingstone. Anne na mke wa Burrup walipandishwa mto kwa mashua kwenda kukutana na watu waliokwisha kuzikwa. Mary Livingstone naye alikufa Shupanga tarehe 27 Aprili. Mwaka mmoja baada ya kifo cha Mackenzie, Livingstone alipita hapo na kusimamisha msalaba juu ya kaburi lake.

1862–1890: Misheni yakimbilia Unguja

Magomero ilivunjika. Njaa na magonjwa viliua wengi wa waliokombolewa, Scudamore akafa, Dickinson akafa. Tozer alikuja mwaka 1863, akakaa kwa muda juu ya Mlima Morambala, kisha akaamua jambo lililomkasirisha sana Livingstone: kuondoka kabisa na kuanza upya Zanzibar, chini ya serikali iliyokuwapo, karibu na ubalozi, mahali ambapo askofu hangehitaji kuwa mkuu wa vita. Alifika Agosti 1864 pamoja na Steere. Sultani Majid akampa wavulana watano waliotekwa katika jahazi la watumwa, na shule ikaanza nao.

Yote tunayoyahesabu kuwa matunda ya UMCA katika Kiswahili yalitoka katika uamuzi huo: kazi ya lugha na tafsiri za Steere, shule ya Kiungani, kituo cha Masasi kilichoanzishwa mwaka 1876 kwa watu waliokombolewa. Tozer aliwaza hivyo kwa sababu alijua yaliyompata Mackenzie. Watu wa Shire nao walitawanyika na kuigeuza historia. John Kirk, daktari wa msafara wa Livingstone, ndiye aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar mwaka 1873 Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Waller aliyahariri maandiko ya mwisho ya Livingstone. Chuma, yule mvulana wa Magomero, pamoja na mwenzake Susi waliubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, alikofia, hadi pwani. Baadaye Chuma aliongoza misafara ya UMCA bara, akafa Zanzibar mwaka 1882. Na mwaka 1890 misheni ilimpa ukasisi Mwafrika wake wa kwanza, Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni. Alikuwa Myao. Kanisa lililowapiga Wayao risasi mwaka 1861 lilipata kwao kasisi wake wa kwanza Mwafrika.

Magomero yenyewe iligeuka shamba kubwa la ukoo wa Bruce, wakwe wa Livingstone. Unyanyasaji wa wafanyakazi wa shamba hilo ulikuwa moja ya sababu za maasi ya mchungaji John Chilembwe ya Januari 1915, na msimamizi wake, William Jervis Livingstone, aliuawa humo.

Natal baada yake

Huko Natal, Colenso aliendelea na njia iliyomgharimu kila kitu. Maswali aliyoulizwa na Waafrika aliowafundisha yalimfanya aandike kwamba vitabu vitano vya Musa haviwezi kuchukuliwa kuwa historia neno kwa neno. Mwaka 1863 Askofu Gray akamvua cheo, mahakama za Uingereza zikamrudishia mali, na kanisa likapasuka vipande viwili. Alipomtetea Chifu Langalibalele baada ya 1873, na Wazulu baada ya vita yao na Waingereza ya 1879, walowezi walimkimbia. Waafrika walimwita Sobantu, baba wa watu. Alifariki mwaka 1883.

Durban nayo ilipata sehemu yake ya Zanzibar. Tangu mwaka 1873 hadi 1880, watu 500 hivi waliokamatwa katika majahazi ya watumwa na manowari za Uingereza walishushwa hapo na kupewa matajiri kwa mkataba wa miaka mitano. Wengi walikuwa Wamakua wa Msumbiji, na wengi wao Waislamu. Mji uliwaita Wazanzibari. Walikaa Bluff, upande wa pili wa bandari ile ile aliyoshukia Mackenzie, wakajenga msikiti na kuitunza dini yao, mpaka serikali ya ubaguzi ilipowang'oa katika miaka ya 1960 na kuwahamishia Chatsworth.

Anne Mackenzie hakurudi Afrika. Aliishi Uingereza hadi 1877 akihariri jarida la misheni na kukusanya fedha za kuanzisha dayosisi kwa kumbukumbu ya kaka yake. Hakuchagua Shire, alichagua Zululand, nchi iliyokuwa ng'ambo ya Tugela walipokuwa Umhlali. Askofu wake wa kwanza, Thomas Wilkinson, aliwekwa wakfu mwaka 1870, naye alikuwa Mwingereza, na waliomfuata wakawa Wazungu kwa karibu karne nzima.

Alphaeus Zulu, aliyezaliwa Nqutu mwaka 1905, alitumikia kwa miaka 20 katika misheni ya St Faith, Durban. Mwaka 1960 aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu katika Kanisa la Kianglikana la Afrika Kusini. Mwaka 1966, miaka 108 baada ya kura ya Pietermaritzburg, alichaguliwa kuwa Askofu wa Zululand, na dayosisi iliyoanzishwa kwa jina la Charles Mackenzie ikawa ya kwanza nchini humo kuongozwa na Mwafrika.